Nudo za mboga za Kihindi zinakuharibikia nyumbani? Anza kutafuta kosa kwenye maji

Nudo za mboga za Kihindi, hizi Hakka, mapishi ya Kichina yaliyokuzwa India, ambazo ukienda hoteli za Wahindi pale Upanga au Parklands zinaletwa zinang'aa, kila uzi uko peke yake na kabeji bado inalia mdomoni, watu wakizijaribu nyumbani malalamiko yanakuwa mengi na yanaonekana kama hayahusiani kabisa. Mmoja zimeshikana donge, mwingine zimekatikakatika, mwingine chini ya karai kuna kama supu, mwingine anasema rangi ipo ila ladha hamna. Halafu kila mtu anakimbilia kuongeza, soya sosi tena, mafuta tena, chumvi tena, na sahani inazidi kuwa nzito. Mi nakwambia hivi, hiki chakula kinataka kukaangwa kikavu, na karibu kila kinachoharibika hapa kinaharibika kwa sababu kuna maji mahali ambapo hayatakiwi: kwenye nudo, kwenye mboga, kwenye karai au kwenye sosi.

Kwanini maji? Maji yakiwepo kwenye karai, joto la pale haliwezi kupanda sana kupita digrii 100, yatakuwa yanageuka mvuke tu mpaka yaishe, wakati ile harufu ya kukaangika, ule ukahawia kidogo kwenye ncha za kabeji, unaanza kwenye digrii 140 hivi kwenda juu. Yani karai lenye maji linachemsha tu, halikaangi. Na kabeji yenyewe asilimia 92 hivi ni maji, hoho nayo iko hapohapo, ukiiacha ilegee kwenye moto mdogo inayamwaga yote. Liweke hilo kichwani tukienda tatizo moja moja.

Vipimo ninavyovizungumzia humu ni vya nudo kavu gramu 200, zinatosha watu wawili wenye njaa au watatu wa kawaida. Hapo weka kabeji iliyokatwa vikombe 2, karoti 1, hoho 1 ndogo, vitunguu majani mashina 4, vitunguu saumu punje 5 au 6, kipande kidogo cha tangawizi, pilipili za kijani 2, mafuta vijiko vikubwa 2, soya sosi kijiko kikubwa 1, chili sosi kijiko kikubwa 1, siki kijiko kidogo 1 na pilipili manga nusu kijiko kidogo. Chumvi utaonja mwishoni.

ZIMESHIKANA DONGE MOJA

Hili ndilo linalokatisha watu tamaa kuliko yote, na watu wanalitafutia dawa kwenye karai wakati lilianzia kwenye sufuria. Nudo zikichemka zinatoa wanga, na kama maji ni kidogo ule wanga unabaki mzito mlemle na ndio unaozigandisha. Kwa gramu 200 weka maji lita 2 au zaidi, yatokote kwelikweli kabla hujatia, na dakika ya kwanza usiondoke hapo, zichambue kwa uma maana ndio wakati zinashikana. Hapa maji mengi ni rafiki, hapa tu!

Ukimwaga kwenye chujio ndio watu wengi wanapoharibu. Wanaziacha pale zimerundikana zinatoa mvuke, ule mvuke unaendelea kuzipika na wanga unaganda, baada ya dakika 10 una keki ya nudo. Zifungulie maji ya baridi palepale, na usiridhike na juu tu, ingiza vidole mpaka katikati ya chujio, kama pana joto bado hujamaliza. Kung'uta chujio vizuri, tia mafuta kijiko kidogo kimoja, pakaza kwa mkono taratibu, halafu zitandaze kwenye sinia kubwa, au kwenye ungo msafi kama unao maana ungo unapitisha hewa hadi chini. Zikae nusu saa, na kama una feni iwashe zipigwe upepo. Utajua ziko tayari ukishika uzi mmoja ukauinua, ukatoka peke yake bila kuvuta wenzake na vidole vyako havijalowa.

Wapishi wa hotelini wanachemsha mapema sana, wengine asubuhi kwa ajili ya jioni, wengine wanazilaza kwenye friji usiku kucha. Nudo zilizolala zimekauka juu, zikiingia kwenye karai la moto zinakaangika mara moja. We ukizitoa kwenye sufuria moja kwa moja zinachuruzika ukazitupia kwenye karai unategemea nini?

Kama donge tayari unalo, usilipeleke kwenye karai ukaanza kulipigapiga na mwiko, utapata vipande vipande. Lirudishe kwenye chujio, limwagie maji ya uvuguvugu, lichambue kwa vidole pole pole, tia mafuta kidogo, tandaza upya. Inachukua muda lakini zinaokoka.

LAINI MNO, ZINAKATIKA UKIGEUZA

Muda ulioandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni wa nudo zinazokwenda kuliwa moja kwa moja, wakati hizi zako zina safari nyingine kwenye moto. Punguza dakika 1. Aina nyingi za Hakka kavu, zile zilizonyooka au zilizokunjwa vifungu, dakika 3 au 4 zinatosha. Njia ya uhakika ni kung'ata: toa uzi mmoja, ukate kwa meno, uangalie pale ulipokatika, ukiona nukta nyeupe ndogo sana katikati, hapo hapo mwaga. Ukingoja ile nukta ipotee kabisa umeshachelewa.

Angalia pia umenunua nini. Zile nudo za dakika 2 za pakiti ndogo zenye kipaketi cha viungo ndani, nyingi zilishapikwa kwa mvuke na kukaangwa kiwandani, zinanyonya maji haraka sana na hazina nguvu ya kugeuzwageuzwa. Watoto wazile na mchuzi wake, kwa kazi hii tafuta pakiti iliyoandikwa Hakka au hata nudo za mayai kama unakula mayai. Ukikosa kabisa chukua spageti nyembamba, na kwenye maji ya kuchemshia tia kijiko kidogo cha soda ya kupikia, ile ya kwenye keki, kwa kila lita. Zinavutika na zinabadilika harufu kidogo kuelekea kwenye nudo, ila lazima uzisuuze vizuri sana zisibaki na ladha ya soda.

Kuna upande wa pili, wanaolalamika nudo zimebaki na kiini kigumu wakati wamefuata dakika za pakiti. Kama uko Nairobi, Arusha, Mbeya, huko juu, sababu ni kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100 za Dar au Mombasa, kwahiyo ongeza dakika na ung'ate. Mtu wa Mombasa na mtu wa Nairobi hawawezi kutumia dakika zilezile.

Kugeuza nako kuna namna yake. Mwiko mpana unabonyeza na kukata. Tumia uma mbili, ingiza chini, inua juu, achia, au kama mkono una nguvu pepeta karai lenyewe. Na usivunje nudo kabla ya kuchemsha eti ziingie kwenye sufuria ndogo, zisubiri zilainike zenyewe, zitazama tu.

Zikishaiva kupita kiasi hapo hakuna kurudi nyuma, niseme ukweli. Hizo zipikie supu ya mboga ya moto yenye tangawizi, utazifurahia zaidi kuliko kulazimisha zikaangike.

KUNA MAJI CHINI YA KARAI NA MBOGA ZIMELEGEA

Hapa nataka nikae kidogo maana sababu ziko nyingi na mara nyingi zinakuja kwa pamoja.

Ya kwanza na kubwa ni kujaza. Una familia ya watu 6, unachukua kabeji nzima na pakiti 3 za nudo unatia zote kwa mkupuo. Moto wa jiko la nyumbani hauna ubavu wa kukausha maji ya mboga zote hizo, joto linashuka, mboga zinaanza kutokota kwenye maji yao. Pika ya watu wawili wawili, au watatu mwisho, ukimaliza awamu moja mimina kwenye sinia, futa karai, anza nyingine. Najua inaonekana ni kazi lakini kila awamu haizidi dakika 5, na kama kila kitu kimeshakatwa kiko kwenye bakuli zake hapo pembeni, unamaliza upesi kuliko yule anayehangaika kukausha rojo nusu saa.

Ya pili, mboga zimeoshwa zikaja na maji yake. Kabeji hasa, maji yanajificha kwenye mikunjo, ukikata ndio yanatoka. Osha mapema, kung'uta, tandaza kwenye kitambaa kisafi kikavu, ziwe kavu ndio zifike kwenye moto. Njegere na maharage mabichi (yale ya maganda ya kijani) ya kwenye friza ndio balaa zaidi, zina barafu juu yake, bora uzichovye kwenye maji ya moto pembeni, uzichuje, uzikaushe.

Ya tatu chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye mboga, ndio maana kachumbari ikikaa inatoa maji. Ukitia mwanzoni pamoja na karoti na kabeji umeziambia zimwage maji wakati huohuo unataka zikauke. Chumvi na soya sosi ni vitu vya mwisho, nudo zikishaingia.

Ya nne ni mfuniko. Usifunike. Ukifunika mvuke unarudi ndani, na hapo unapika mboga za majani za kawaida, ambazo nazipenda lakini siyo hizi.

Na mpangilio. Karoti na maharage mabichi zinaanza, zipe kama dakika moja, zifuate hoho, kabeji iwe ya mwisho na isizidi nusu dakika kabla ya nudo kuingia. Zote kwa pamoja zisipite dakika 3. Karoti kata vijiti vyembamba kama vya kiberiti, hoho toa mbegu na ule utando mweupe wa ndani, kabeji kata nyuzi ndefu, toa ule uti mnene wa katikati. Nyanya usitie, ni maji matupu.

Sasa sikiliza karai, maana masikio yanakwambia kabla ya macho. Moto ukiwa wa kutosha kuna ile kelele kali kavu ya kukaanga ambayo haikatiki, na mvuke unaotoka ni mwembamba unapotea. Kelele ikishuka ikawa ya kutokota, ukaona mvuke mweupe mzito unapanda, maji yameshaanza kukaa chini. Ukisikia hivyo katikati ya mapishi usiendelee kukoroga ukiomba Mungu. Toa mboga zote weka kwenye sahani, mwaga yale maji, futa karai, lirudishe kwenye moto mpaka litoe moshi mwepesi, tia mafuta kidogo, ingiza nudo peke yake kwanza zikaangike, mboga zirudi dakika ya mwisho kabisa bila yale maji yaliyobaki kwenye sahani. Hazitakuwa na mlio wa kwanza ila chakula kinaokoka.

HAINA ILE HARUFU YA MTAANI

Kolkata na Delhi wauzaji wa barabarani wanapikia majiko yenye moto unaovuka kingo za karai, karai ni la chuma, jembamba na jeusi kwa miaka ya mafuta. Nyumbani huna moto huo, lakini unaweza kusogea karibu sana kuliko unavyodhani.

Pasha karai tupu kwanza, bila mafuta, mpaka ukidondosha tone la maji linakimbiakimbia na kupotea. Ndipo mafuta yaingie, uyazungushe, ukiona moshi mwepesi anza. Wengi wanatia mafuta kwenye karai la baridi na mboga zinafuata hapohapo, hiyo harufu itatoka wapi? Jiko la mkaa lililowaka vizuri, makaa mekundu yote bila moshi, linafanya kazi hii kwa uzuri ajabu kwa sababu karai linakaa ndani ya moto, kwahiyo wenye jiko la mkaa msijione mmekosa kitu. Wa jiko la umeme la sahani, pika ya mtu mmoja mmoja na ulipe muda lipate moto tena kila awamu.

Flampeni isiyonata usiitumie hivi. Ule utando wake unaanza kuharibika ukipita digrii 260 hivi, na moshi wake haufai kuvutwa. Kama ndio uliyonayo pika kwa moto wa wastani kuelekea juu, nudo ziwe kavu mno, na ukubali kwamba harufu ile hutaifikia.

Fungua madirisha, na mtu mwenye pumu asikae jikoni wakati huo.

INANATA CHINI YA KARAI

Karai jipya la chuma likitoka dukani lina mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu, na ndio kwanza halijawa chombo cha kupikia. Lisugue kwa sabuni na maji moto, likaushe, liweke kwenye moto mkali mpaka rangi ibadilike iwe ya bluu na nyeusi, lizungushe kila upande upate moto. Likipoa kidogo lipake mafuta membamba sana kwa kitambaa, lirudishe mpaka litoe moshi, rudia mara 3 au 4. Baada ya hapo ukimaliza kupika lisuuze kwa maji moto na brashi, likaushe juu ya jiko, lipake mafuta kidogo. Usilaze chakula chenye siki ndani yake, siki inakula ule weusi wote uliouhangaikia.

Karai likiwa zuri na bado inanata basi nudo zako bado zina maji, rudi kule kwenye sinia. Sufuria za alumini nyembamba zinapata moto upesi na kupoa upesi, nazo zinanata sana, tumia kama huna namna lakini awamu ziwe ndogo.

INATOKA KAMA TAMBI ZA MCHUZI WA BINZARI

Mtu anasikia ni chakula cha Kihindi, anatia binzari, garam masala, bizari nyembamba, wengine na nyanya ya kopo. Hapana jamani. Uhindi wa hizi nudo hauko kwenye masala ya unga, uko kwenye pilipili mbichi, vitunguu saumu vingi, tangawizi, siki, na mboga zilizojaa mpaka zinashindana na nudo zenyewe.

Historia yake inaeleza kila kitu. Wachina wa kabila la Hakka walihamia Kolkata, enzi hizo Calcutta, wengi wakashika kazi ya kutengeneza ngozi kwenye mtaa wa Tangra. Walikuja na karai na soya sosi, wakakuta watu wanaopenda pilipili na saumu, na wengi wasiokula nyama kabisa, mapishi yakakutana hapo katikati. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya ngozi vihame Tangra kwa ajili ya uchafuzi, na leo mtu akitaja Tangra wengi wanafikiria migahawa. Na kuna Nelson Wang, mzaliwa wa Kolkata, ambaye mwaka 1975 pale Cricket Club of India mjini Mumbai alianza na saumu, tangawizi na pilipili za kijani kama Mhindi yeyote anavyoanza, ila palipotakiwa garam masala akatia soya sosi, na hapo ndipo kuku wa Manchurian, vipande vya kuku wa kukaanga kwenye sosi ya soya, alipozaliwa. Hilo ndilo somo zima la ladha hii: mwanzo wa Kihindi, mwisho wa soya na siki, unga wa masala haupiti.

Unataka kali zaidi, tumia sosi ya Schezwan, ambayo kwa Wahindi ni pilipili nyekundu kavu zilizolowekwa zikasagwa na saumu nyingi, zikakaangwa taratibu kwenye mafuta na siki kidogo. Kijiko kikubwa kimoja badala ya chili sosi, na punguza chumvi.

CHUMVI KALI NA RANGI NYEUSI

Karibu kila mara ni soya sosi, na ukitafuta kwanini mtu aliweka nyingi utakuta mboga zilitoa maji, ladha ikafifia, akaongeza. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi kina chumvi zaidi ya gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima, kwahiyo vijiko vinne kwenye sahani moja ni jambo la kuangalia hasa kama kuna mtu wa presha nyumbani. Ile nyeusi nzito ni ya rangi, ile nyepesi ni ya chumvi. Nusu kijiko ya kila moja inatosha.

Zikishazidi chumvi usitie sukari, utapata vitu viwili vibaya badala ya kimoja. Ongeza nudo zilizochemshwa ambazo hazina chumvi, au kabeji mbichi iliyokatwa nyembamba, igeuze haraka, na siki matone machache.

RANGI IPO, LADHA IMELALA

Angalia siki kwanza, watu wanaisahau au wanaiogopa. Kijiko kidogo kimoja mwishoni kinaamsha kila kitu na wala husikii uchachu. Halafu pilipili manga, nyeupe kama unaipata, iliyosagwa muda huohuo. Sosi zote zichanganye kwenye kikombe kabla hujawasha moto, na ukimimina mimina pembeni pembeni kwenye ukuta wa karai palipo tupu na moto, ipige kelele na kukauka kidogo ndio ishuke kwenye nudo. Ukiimwaga katikati juu ya nudo inabaki mbichi na inazilowesha, tumerudi kwenye maji tena.

Ajinomoto ni hiari, hotelini wengi wanatia. Ni chumvi ya glutameti ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliitambua mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa baharini, na robo kijiko kidogo ni nyingi kwa kiasi hiki. Mi naona saumu za kutosha na siki vinatosha.

Na mezani weka kibakuli cha pilipili za kijani zilizokatwa vipete ndani ya siki na chumvi kidogo. Kwenye migahawa ya Kihindi ya vyakula vya Kichina hicho kibakuli huwa kipo, kila mtu anajirekebishia.

UCHUNGU

Saumu zimeungua. Kwenye karai la moto huu saumu zilizosagwa zinaungua kabla hujageuka kuchukua karoti. Zikate kwa kisu, zisiwe uji, zikiingia zipe sekunde 10 hivi na mboga ziwe mkononi tayari. Zikishakuwa za kahawia iliyokolea mwaga mafuta yote uanze upya, hakuna sosi inayoficha uchungu huo.

MAFUTA YANATIRIRIKA

Ulitia kwenye maji ya kuchemshia, ukatia kwenye sinia, ukatia kwenye karai, ukaongeza ziliponata. Ya kwenye maji hayasaidii kitu, yaache. Kijiko kidogo cha sinia na vijiko vikubwa 2 vya karai basi.

MGENI HALI VITUNGUU

Wenye majirani Wajaini (wafuasi wa dini moja ya India) au Waswaminarayan (dhehebu la Kihindu) Dar, Nairobi na Mombasa watakuwa wamekutana na hili. Wajaini wengi hawali kitu kilichochimbwa ardhini, kwahiyo kitunguu, saumu, karoti hata tangawizi mbichi vinatoka. Waswaminarayan wengi shida yao ni kitunguu na saumu tu. Muulize mgeni kabla, usikisie. Hapo ongeza hoho za rangi mbili, kabeji, maharage mabichi, pilipili za kijani nyingi kidogo, na pilipili manga iongezeke ishike nafasi ya saumu. Soma na chupa ya chili sosi maana nyingi zina saumu ndani. Pakiti za India zina alama ya nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani kwa kisicho na nyama wala mayai, iangalie kwenye nudo zenyewe.

ZA JANA ZIMEKUWA NGUMU

Wanga ukipoa unakakamaa, ni kawaida yake, wala hukupika vibaya. Usizitie kwenye sufuria na maji zichemke. Karai la moto, mafuta kijiko kidogo, nudo ndani, nyunyizia maji kwa vidole tu matone machache, geuza kwa uma dakika 2, malizia kwa kabeji mbichi kidogo na siki.

Kama ulibaki na nudo za kuchemsha ambazo hazikukaangwa na mboga, Mumbai wana jambo zuri nalo mtaani wanaliita Chinese bhel. Zikaushe kabisa, zipake unga wa mahindi ule mweupe laini wa kuzitia uzito sosi, kaanga kwenye mafuta mengi kidogo kidogo mpaka ziwe za dhahabu na kavu, zivunje kwa mkono, changanya na kabeji mbichi, karoti, vitunguu majani na sosi ya Schezwan. Sosi itiwe mbele ya walaji, ikitiwa jikoni zinafika mezani zimeshalegea.